Hospitali ya asilimia 98 au ya 98.8?

*Shikamoo bibi. Nakuandikia kutoka Coventry. Baba yangu ana miaka 71, tulimleta huku kutoka Tanga, ana kisukari cha kuchoma sindano na figo zake zimechoka kidogo. Madaktari wamesema mishipa mitatu ya moyo imeziba, atafanyiwa baipasi, yaani upasuaji wa kuipitishia damu njia mpya kukwepa palipoziba. Mtandaoni nimekuta hospitali za upasuaji wa moyo za Uingereza, kila moja na asilimia ya wagonjwa waliotoka wakiwa hai. Tuliyopangiwa ina 98. Nyingine, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, ina 98.8. Mke wangu anataka tumhamishe mzee. Mzee mwenyewe anasema nimeanza kumchagulia kaburi. Nifanyeje? Picha za kurasa zote mbili nimekuambatanishia.*
*Mwana wa Mzee, Coventry*

Marahaba mwanangu. Mpe mzee salamu zangu, na umwambie anayeweza kutania namna hiyo bado ana pumzi za kutosha.

Nimevaa miwani nikazisoma picha zako. Wewe umeangalia asilimia, mimi nimeangalia namba iliyokaa pembeni yake, ambayo wengi huiruka: idadi ya waliopasuliwa. Hospitali yenu, katika miaka mitatu, imefanya baipasi 900 na wamekufa 18. Ile ya mbali imefanya 1,500 na wamekufa 18. Kumi na nane kwa kumi na nane. Ili yenu ifike 98.8, vifo vingepaswa kupungua saba katika miaka yote mitatu, yaani kimoja kila baada ya miezi mitano hivi. Sasa mimi niliyesimama thieta miaka 19 nakuambia, kifo kimoja katika miezi mitano kinaweza kuwa mzee aliyeletwa saa nane za usiku akiwa na mshtuko wa moyo, presha haishikiki, na daktari akaamua kujaribu badala ya kumfunika shuka.

Ndiyo maana wanaotunza daftari la taifa la upasuaji wa moyo hawazipangi hospitali kama msimamo wa ligi. Wanachora mchoro wenye umbo la faneli. Upande wa hospitali zenye wagonjwa wachache mdomo ni mpana, kwa sababu bahati peke yake inaweza kuwapandisha au kuwashusha sana; upande wa wenye wagonjwa wengi unabana. Hospitali iliyo ndani ya faneli haina tofauti ya kuaminika na wenzake. Ikitoka nje, hapo ndipo simu zinaanza kulia. Hizo hospitali zako mbili, kwa idadi hizo, tofauti yao ni ndogo kiasi kwamba bahati tu inatosha kuileta. Mimi nisingemhamisha mzee kwa ajili yake.

Lakini usidhani nakuambia namba hizo ni bure. Nilipoacha thieta kwa sababu ya magoti, niliwekwa ofisini miaka sita, kazi yangu kuingiza fomu za kila mgonjwa kwenye daftari hilohilo. Umri, figo, kisukari, moyo unasukuma damu kwa nguvu gani, amekuja kwa miadi au kwa dharura. Vitu hivyo vinaingia kwenye hesabu ya hatari. Ulaya inayojulikana zaidi ni EuroSCORE; toleo lake la pili lilitengenezwa kwa taarifa za wagonjwa 22,381 waliopasuliwa mwaka 2010 katika hospitali 154 za nchi 43. Hesabu inasema: watu wa hali hii, tungetegemea wafe wangapi? Kisha unalinganisha na waliokufa kweli. Bila hiyo, daktari anayepokea wagonjwa mahututi ataonekana mchinjaji, na anayechagua vijana wenye afya ataonekana bingwa.

Majira fulani ya baridi kitengo chetu kilipewa onyo: vifo vimezidi matarajio. Minong'ono ikaanza kwenye chumba cha chai, na wote walikuwa wakimtazama daktari mmoja mgeni. Mimi nikashuka stoo kufukua mafaili. Nikakuta fomu baada ya fomu, kile kisanduku cha nguvu ya moyo kiko tupu. Majibu ya kipimo yalikuwa idara nyingine, ghorofa ya chini, na sisi tulikuwa wavivu kuyafuata. Kompyuta ikiona tupu inahesabu moyo mzima. Wagonjwa wenye mioyo iliyolegea kama mpira wa baiskeli wameingia kwenye daftari kama watu wenye afya njema, wakifa wanatushangaza! Nyingi kati ya fomu hizo niliziingiza mimi kwa mkono wangu. Tulipojaza visanduku, onyo lilipungua sana, halikuisha. Kilichobaki kilikuwa cha kweli, na kwa kuwa sasa hakuna aliyeweza kulaumu karatasi, wakubwa walikaa wakakitafuta.

Hapo ndipo daftari linapofanya kazi yake, kwenye chumba ambacho wewe na mkeo hamkioni. Kuna kisa cha Albany, jimbo la New York, ambacho nilikuwa nikiwasimulia wauguzi wapya mpaka wakanichoka. New York ilianza kukusanya taarifa za kila baipasi mwaka 1989. Hospitali ya St. Peter's ikaonekana vifo vyake vimezidi. Madaktari wakakasirika kwanza, kama kawaida. Kisha wakagawanya wagonjwa wao kwa makundi, wakakuta waliokuja kwa miadi hawana tatizo. Tatizo ni wa dharura: mwaka 1992, kati ya 42 walikufa 11. Walikuwa wanakimbizwa thieta kabla hali haijatulia. Wakabadilisha utaratibu, mgonjwa wa mshtuko atulizwe kwanza kwa dawa na kwa lile puto linaloingizwa kwenye mshipa mkuu kuusaidia moyo, ndipo apasuliwe. Mwaka 1993 walipasua wa dharura 54, hakufa hata mmoja. Hawakuleta daktari mpya wala kisu kipya.

Sasa upande wa pili, ambao Waingereza wanaujua kwa machungu. Bristol, miaka ya themanini na tisini, walipasua mioyo ya watoto wachanga. Mtaalamu wa dawa za usingizi Stephen Bolsin alifika pale 1988, akaona operesheni zinachukua muda mrefu na watoto wanakufa wengi kuliko alikotoka. Akaanza kuhesabu mwenyewe. Akasema, hakusikilizwa vya kutosha kwa miaka. Tume iliyoongozwa na Ian Kennedy ilitoa ripoti 2001: kati ya 1991 na 1995, watoto 30 hadi 35 wa chini ya mwaka mmoja walikufa zaidi ya ambao wangekufa katika kitengo cha kawaida. Na kinachoniumiza mpaka leo ni kwamba daftari la taifa la upasuaji wa moyo lilikuwapo tangu 1977! Hospitali zilituma hesabu zao kila mwaka, lakini zilijumlishwa bila majina, kila mtu akajua wastani wa nchi na hakuna aliyepewa jukumu la kuuliza aliye chini ya wastani ana nini. Ukurasa uliousoma wewe kwenye simu umetokana na makaburi hayo madogo. Mzee akiuliza kwa nini Waingereza wanaanika vifo vyao hadharani, msimulie.

Utasikia watu wanasema kuanika kunawatia madaktari woga, wanakataa wagonjwa wagumu kama baba yako ili wasichafue asilimia. Woga huo upo, nimeuona machoni mwa watu. Lakini kaskazini-magharibi mwa Uingereza waliufuatilia kwa wagonjwa 25,730 wa baipasi kati ya 1997 na 2005. Vifo vilishuka kutoka asilimia 2.4 hadi 1.8, na wagonjwa wenyewe walizidi kuwa wagumu, si wepesi. Kwa hiyo usiingie kliniki ukidhani daktari anamwogopa mzee wako.

Ingia na maswali. Uliza: kwa mtu wa miaka 71 mwenye sindano ya kisukari na figo hizi, ninyi mnakadiria hatari kiasi gani? Wakikupa asilimia, hiyo ndiyo ya baba yako. Ile 98 ni ya watu wengine. Uliza pia kuhusu yasiyo kifo, maana daftari linayaandika lakini vichwa vya habari haviyaoni: kiharusi, kurudishwa thieta kwa kuvuja damu, kuhitaji mashine ya figo, kidonda cha kifua kuoza. Hili la kidonda lisikilize vizuri. Mwenye kisukari ndiye analipata zaidi, na sukari iliyodhibitiwa kabla na baada ya upasuaji inamsaidia mzee kuliko hizo 0.8 unazozifuata barabarani. Kama ana tabia ya kujipimia dozi ya insulini kwa hisia, kama marehemu kaka yangu, wiki hizi simama naye.

Na uliza foleni. Ukihama unaweza kuanza upya, na mishipa mitatu iliyoziba haisubiri makaratasi.

*Bibi, shikamoo. Mimi ni muuguzi Kanda ya Ziwa, tuna kliniki ya wagonjwa waliobadilishiwa valvu, vile vilango vya damu ndani ya moyo, wengine walipasuliwa Dar es Salaam, wengine nje ya nchi. Umeshawahi kuandika hapa kuhusu madaftari ya wazungu. Sisi hatuna programu wala mtu wa takwimu. Nina kaunta buku tu. Kuna maana?*
*Muuguzi wa Ziwa*

Marahaba mdogo wangu. Kaunta buku inatosha kuanza. Boston, zaidi ya miaka mia iliyopita, daktari wa upasuaji Ernest Codman alikuwa na kadi za karatasi, moja kwa kila mgonjwa, akawafuata baada ya mwaka kujua wamekuwaje, akaandika na makosa yake mwenyewe. Wenzake walimchukia, na hospitali kubwa aliyokuwamo aliiacha 1914. Wewe labda watakuita mdadisi tu.

Usinakili fomu ya Ulaya nzima, itakushinda kabla ya Ijumaa ya kwanza. Wagonjwa wao ni wazee wa mishipa iliyoziba. Wako wengi ni wasichana na vijana ambao homa ya rumatiki iliwala valvu utotoni. EuroSCORE haikutengenezwa kwa binti wa miaka 19 anayetaka kuzaa. Andika kwako: umri, valvu ipi, ya chuma au ya mnyama, tarehe ya upasuaji na wapi, moyo ulikuwa na hali gani kabla, damu yake inapimwa lini kwa ajili ya wafarini, ile dawa ya kuzuia damu isigande, na imesomaje. Kisha safu moja ya daftari ambayo hairuhusiwi kubaki tupu: yu hai siku ya 30, na yu hai mwaka mmoja baadaye? Ukishindwa kujua, andika "sijui". Usiache nafasi. Umeona hapo juu nafasi tupu zilinifanya nini.

Simu moja haitoshi, watu hubadili laini kama kanga. Chukua namba tatu: yake, ya ndugu anayekaa naye, na ya mtu asiyehama, kama fundi cherehani wa mtaa, mwenyekiti wa kitongoji, au imamu au katekista. Andika na jina la kituo cha daladala anachoshukia. Wale usiowapata kwa simu ndio wanaopaswa kutafutwa kwanza, kwa sababu aliyekufa hapokei simu, na ukiwahesabu waliopokea tu, kliniki yako itaonekana ya ajabu duniani.

Majina yakae kabatini kwa ufunguo, na daktari wako ajue unachofanya tangu siku ya kwanza, asije akakisikia korido. Kila baada ya miezi mitatu kaeni mezani watu watatu au wanne, mfungue kurasa za waliokufa na za waliopata kiharusi, mmoja mmoja. Kama wasichana wawili waliokufa wote walikuwa wamekatiza wafarini baada ya kusikia wana mimba, hapo hamhitaji mtu wa takwimu kuwaambia Jumatatu mfanye nini.

Niandikie tena ukijaza kurasa ishirini. Nataka kujua ile safu ya mwaka mmoja ina "sijui" ngapi.