Re: Mama kapata kiharusi. Hizi picha za Waaborijini zinasaidia kweli?

Mkuu, umesema mama yuko Tanga, kapooza upande wa kulia, mazoezi hataki hata kuyasikia, na wewe umeona video ya wagonjwa wa kiharusi Australia wakichora vidoadoa vya Waaborijini, wenyeji wa asili wa kule. Unauliza umnunulie rangi? Ngoja kwanza. Nimefanya uhudumu Perth, wodi ya wagonjwa wa aina hiyo hiyo.

Wodi yetu ilitoa kipeperushi: uso kupinda, mkono kutoinuka, maneno kukwama, piga 000, namba ya dharura ya kule, upesi. Ujumbe safi kabisa. Pembeni wakakijaza vidoadoa ili Waaborijini wakipende, ila mchoraji alikuwa mtu wa ofisini na hakuna mzee aliyeulizwa. Vipeperushi vikabaki mezani vikipigwa vumbi. Mzee mmoja akakigeuza geuza, akaniuliza, "Hii hadithi ni ya nani?" Nikabaki natoa macho. Kwao mchoro una wenyewe. Kisima fulani au njia ya mababu huchorwa na wenye haki nayo. Isitoshe, uchoraji ule wa vidoadoa ni wa jangwani, ulishika kasi Papunya, kijiji cha katikati ya Australia, mwaka 1971 wazee walipohamishia kwenye mbao michoro ya mchangani na ya mwilini. Perth ni nchi ya Wanoongar, Waaborijini wa kusini magharibi. Ni kama kumvisha Mmakonde shanga za Kimasai halafu usubiri akushukuru!

Sasa nikupe upande wa pili. Tulikuwa na mama mmoja Mnoongar, wote tukimwita shangazi, maana kule mwanamke mzee ni shangazi hata kama hamna undugu. Mkono wa kulia umelala, maneno hayatoki. Akiletewa vile vigingi vya kuhamisha hamisha kwa mazoezi ya mkono, anageukia ukutani. Mpwa wake akaja na turubai. Shangazi akashika brashi kwa mkono wa kushoto, mstari wa kwanza ukatoka nje hadi kwenye shuka. Mpwa hakumrekebisha, alicheka tu, na yeye akacheka nusu mdomo. Wiki ya pili kitanda kimezungukwa na ndugu watano wanabishana mto unapinda wapi. Wakikosea anagonga meza. Siku moja akachoka nao, akatamka "bilya", yaani mto. Mtaalamu wa matamshi alikuwa mlangoni, akaacha faili lake akaja kukaa nao.

Sikudanganyi kwamba rangi ilimponya. Dawa za presha alimeza kila siku, na mkono wa kulia haukurudi vizuri. Lakini mazoezi alianza kuyakubali, kwa sababu watu wake walikuwepo na wao ndio walioamua kichorwe nini.

Kwa hiyo rangi acha dukani. Ulisema mama alikuwa msukaji wa mikeka. Mpelekee miyaa, na uwaite wale aliokuwa akisuka nao ukili barazani. Mkono mmoja ukishindwa, jirani atamshikia upande wa pili.