Mkitaka Nairobi Iwasikie, Andikeni Mapema na kwa Majina Yenu

Wiki iliyopita dada mmoja wa Kinango, huku kwetu Kwale, aliniandikia. Kikundi chao kimepanda miti, kimeandamana hadi ofisi za kaunti, kimepigwa picha na waheshimiwa, na sera ya tabianchi imebaki vile vile. "Kaka, tufanye nini ndio watusikie?" Nilimjibu kwa sauti fupi ya WhatsApp, lakini najua swali hili ni lenu nyote. Sote tunataka kuona maneno ya kijijini kwetu yameingia katika sheria ya nchi. Basi leo nitaeleza kwa kirefu nilivyolijifunza mimi jambo hili.

Mwaka 2023 ulitukuta hoi. Misimu 5 ya mvua ilikuwa imekwisha kukosa mfululizo, na ukipita barabara ya Samburu kwenda Kinango uliona mizoga ya ng'ombe kando ya njia. Huku ufuoni, akina mama wa mwani walikuwa wakilalamika kwamba maji yamekuwa moto na mwani unaoza kwenye kamba kabla ya kuvunwa. Visima vya karibu na bahari vilikuwa vikiingia chumvi. Wakati huo huo serikali ilikuwa ikiandaa marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016, hasa kuhusu biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa kupunguza hewa chafu au kutunza miti inayoifyonza.

Sisi wa Kwale biashara hiyo tunaijua kuliko wengi. Pale Gazi mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza kaboni ya mikoko kwa zaidi ya miaka 10, na fedha zake zimeleta maji na vitabu vya shule. Kwa hiyo tulikuwa na la kusema: mgao wa jamii uandikwe ndani ya sheria, kwa kiwango kinachojulikana, usiachwe kwenye hisani ya mwekezaji.

Tulikutana kwenye banda la wavuvi jioni baada ya jioni. Wazee wa BMU, kile chama cha wavuvi kinachosimamia ufuo, walieleza kaskazi na kusi zilivyobadilika, akina mama wakahesabu kamba za mwani zilizoharibika, na kijana mmoja aliyesoma sheria akatuonyesha vifungu vya Katiba vya kushika. Tukachapisha waraka wetu kwenye duka la saiba, tukatia sahihi na wengine dole gumba, tukapeleka.

Hapa pana jambo linaloniuma hadi leo. Shirika moja kubwa la mjini lilitualika hotelini, likarekodi kila tulichosema, likatupa nauli na kofia. Baadaye nilisikia maelezo ya mama mmoja wa kwetu, neno kwa neno, yakisomwa kwenye mkutano na mtu ambaye hajawahi kukanyaga matope ya mikoko, bila kumtaja. Mama mwenyewe hakupewa hata kiti. Tangu siku hiyo sitoi ushahidi wa kijiji kwa mtu yeyote kabla waraka wetu wenyewe haujafika unakokwenda, na nawasihi nanyi mfanye hivyo. Maneno ya kijiji yabebwe na kijiji.

Mswada wa marekebisho yale ulikwenda mbio. Rais aliutia saini tarehe 1 Septemba 2023, siku chache kabla ya kongamano la tabianchi la Afrika kufunguliwa Nairobi. Nilipousoma nilitafuta kwanza mgao wa jamii. Ulikuwemo: mradi wa ardhi, kama wa misitu, uipe jamii si chini ya asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, na usio wa ardhi asilimia 25, tena kwa mkataba wa maendeleo ya jamii. Walioupigania ni wengi, kutoka kila pembe ya nchi, na sisi tulikuwa miongoni mwao. Nilimpigia simu mama yule nikamsomea kile kifungu, naye akaniambia nirudie. Nilirudia kwa fahari.

Sasa ushauri. Jambo la kwanza ni tarehe. Mipango ya kaunti ya mwaka hupelekwa bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba, makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Mpango kazi wa taifa wa tabianchi hutengenezwa kila miaka 5, na huu wa sasa ni wa 2023 hadi 2027, maana yake unaofuata utaanza kuandikwa kabla huu haujaisha. Ukisubiri tangazo la gazetini umekwisha kuchelewa, kwa sababu tangazo likitoka huwa zimebaki siku chache na kijiji hakiwezi kukutana, kubishana na kukubaliana kwa siku chache. Waraka wenu uwe tayari kabla ya mswada.

La pili, shikeni kifungu. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikitishiwa, bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyekwisha kuumia. Cha 118 kinalibana Bunge liwashirikishe wananchi. Afisa anaweza kupuuza malalamiko, lakini kifungu kilichoandikwa juu ya karatasi atakifikiria mara mbili.

Anayedhani haya ni maneno matupu aitazame Lamu. Pale Kwasasi palipangwa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, na leseni ya mazingira ilikwisha kutolewa mwaka 2016. Wavuvi na wakazi, kupitia Save Lamu, muungano wa vikundi vya wenyeji, waliipinga mbele ya Baraza la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal), linaloamua rufaa za leseni kama hizo. Juni 2019 leseni ilifutwa, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sheria ya tabianchi ya 2016 nayo ilitajwa kwa kutozingatiwa. Watu wa Lamu walikuwa wameandika na kutunza karatasi zao tangu mwanzo. Bila karatasi, hoja ya kutoshirikishwa ungeithibitisha kwa kitu gani?

Kwa hiyo andikeni, na mhakikishe nakala yenu imegongwa muhuri wa kupokewa. Kuna ofisi iliwahi kukataa kutugongea, tukakaa kwenye benchi lao hadi saa ya kufunga, wakagonga. Kaeni. Vijana wengi mna moto wa maandamano, na maandamano yana kazi yake, lakini jioni yake mnatawanyika na waraka hauna mwenyewe. Nani atarudi wiki ijayo kuuliza umefika wapi? Mchagueni huyo mtu kabla ya kuchagua rangi ya fulana. Akina mama wawe mbele, maana ndio wanaojua kisima kilianza kuwa chumvi lini, na wakizungumza mbele ya kamati msiwatafsirie kwa maneno makubwa. Kenya imeahidi dunia kwamba ifikapo 2030 hewa chafu yake itakuwa pungufu kwa asilimia 32 kuliko ambavyo ingekuwa bila hatua yoyote, na ahadi hiyo itabaki Nairobi kama vijiji havitaidai.

Dada yangu, nyinyi anzeni na barua moja. Iandikieni kaunti chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016, muulize wadi yenu imetengewa shilingi ngapi za tabianchi mwaka huu, kamati ya tabianchi ya wadi ina nani na nani, na ilikutana lini mara ya mwisho. Wana siku 21 za kujibu. Wakijibu, leteni majibu hayo kwenye kikao chenu na muanze kuandika waraka hapo. Wasipojibu, mkate rufaa kwa Tume ya Haki ya Utawala (Ombudsman), na nakala ya barua yenye muhuri muiambatanishe.