Tallinn hawakuanza na jengo

Mpwa wangu,

Umeniuliza mambo mawili kwa mkupuo mmoja: kama ni kweli kwamba huku Estonia serikali ndiyo iliyozizalisha kampuni changa zote hizi za teknolojia, na kama wewe na wenzako wa Kijitonyama mkijengewa kituo kikubwa cha ubunifu nanyi mtafika huko. Swali la tatu, la kama uje, hukuliandika, lakini nimelisoma. Nakujibu kama mtu anayelipwa mshahara kwa kupima programu za wengine, si kama mwenye kampuni.

Nchi hii ina watu takriban milioni 1.3, yaani kama Temeke peke yake. Serikali yake ilifanya kazi ambazo hakuna waziri anayezikatia utepe. Mwaka 1996 ulianzishwa mpango wa kupeleka kompyuta na intaneti shuleni; mwaka 2000 sheria ya kodi ilibadilishwa ili faida inayobaki ndani ya kampuni isitozwe kodi ya mapato mpaka siku itakapogawiwa kwa wenye hisa; mwaka 2002 vikatoka vitambulisho ambavyo mtu husainia mkataba kwa kompyuta, na saini hiyo ikawa na nguvu ileile ya wino. Nimemshuhudia mwenzangu akisajili kampuni huku chai yake bado inafuka mvuke, bila mhuri na bila kuambiwa arudi kesho.

Hata hivyo, hayo yote yalikuwa shamba tu. Mbegu ilikuwa Skype, programu ya kupiga simu kwa intaneti, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Msweden na Mdenmark, lakini programu yenyewe ikaandikwa hapa Tallinn, mji mkuu, na Waestonia. eBay, kampuni ya Marekani ya mnada wa mtandaoni, walipoinunua mwaka 2005 kwa takriban dola bilioni 2.6, baadhi ya vijana wa hapa walipata fedha na, jambo ninaloliona kubwa zaidi, walikuwa wamekwisha kujua namna kampuni ya dunia nzima inavyoendeshwa. Taavet Hinrikus, mwajiriwa wa kwanza wa Skype, akashirikiana na Kristo Käärmann kuanzisha Wise, kampuni ya kutuma fedha nchi hadi nchi, mwaka 2011. Ahti Heinla, mmoja wa walioiandika Skype, yumo katika kampuni ya vile vigari vya kupeleka vifurushi visivyo na dereva ambavyo nimeviona katikati ya theluji vikisubiri kuvuka barabara nyuma ya bibi mwenye mkongojo. Hata Bolt mnayoita bajaji kwayo hapo Mwenge ilianzishwa mwaka 2013 na Markus Villig akiwa na miaka 19, na kaka yake aliyeshirikiana naye alikuwa amepitia Skype. Skype yenyewe ilizimwa Mei 2025, na hapa maisha yameendelea kama kawaida.

Majengo yalifuata baadaye. Telliskivi, mahali vijana wanapokutana na kompyuta zao, palikuwa karakana za reli. Kuta ni za matofali yaleyale ya zamani. Nairobi nako M-Pesa ilitangulia mwaka 2007, kituo cha ubunifu cha iHub kikafunguliwa mwaka 2010. Kwa hiyo mkipewa jengo lipokeeni, lakini ulizeni zaidi kuhusu kodi, kuhusu mteja wa kwanza, na kuhusu nani atakayewaajiri miaka mitano mjifunze kwa gharama yake.

Sasa lile swali ulilolificha. Ukaazi wa kielektroniki unaosifiwa tangu mwaka 2014 hukuruhusu kumiliki kampuni ya hapa ukiwa Dar es Salaam. Haukupi haki ya kuingia wala kuishi. Mimi mwenyewe nilijaribu kuanzisha kampuni, na kwa kuwa wateja wangu walikuwa nyumbani, benki moja ilikataa kunifungulia akaunti bila kutaja sababu, mradi ukafia hapo. Njia iliyo wazi ni kuajiriwa na kampuni changa iliyokwisha kuthibitishwa, kwa sababu wafanyakazi wake hawahesabiwi katika kiwango cha wahamiaji cha kila mwaka, ambacho ni asilimia 0.1 tu ya wakazi. Ofisini Kiingereza kinatosha. Ngazini kwa jirani hakitoshi, na mwezi Desemba jua huonekana kwa muda wa saa sita tu kwa siku, likionekana.

Ukipata barua ya ajira, nitumie kabla hujaisaini nikusomee kipengele cha muda wa majaribio. Koti usinunue Kariakoo. Utalitupa wiki ya kwanza.