Muulize Fundi: Beringi za gari la ng'ombe na maji ya chumvi

Barua za safari hii karibu zote ni za magurudumu: ya ng'ombe, ya punda, na moja ya mwanafunzi aliyetaka kujua mambo ya zamani ya nati na beringi. Nimeanza na ile ya Jambiani kwa sababu tatizo lake ni la pwani nzima, na nimemjibu kwa kirefu.

Assalaam alaykum fundi. Nina gari la ng'ombe hapa Jambiani. Kazi yetu kubwa ni kubeba mwani maji yakitoka, na siku nyengine mchanga na matofali. Matairi ni ya gari, na kila habu (kitovu cha gurudumu) ina beringi mbili zilizoandikwa 6205. Hazidumu. Ukipita msimu zinaanza kulia, halafu gurudumu linayumba. Jamaa ananishauri nikereze habu mpya nitie 6206, ndiyo kubwa zaidi. Nifuate? (Mwenye gari, Jambiani)

Wa alaykum salaam. Usifuate, angalau si kwa sababu hiyo. Jamaa anadhani beringi zako zinashindwa na uzito. Tazama hesabu. Tarakimu mbili za mwisho, 05, ukizidisha kwa 5 unapata tundu la ekseli la milimita 25. 06 ni milimita 30. Hiyo 6205 imeundwa kuhimili mzigo wa kama kilo 1,400 ikiwa inazunguka. Gari lako likijaa tani moja, kila gurudumu linachukua nusu yake, na nusu hiyo wanagawana beringi mbili. Isitoshe, ng'ombe hana haraka. Tairi lenye mzunguko wa mita 2, kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa, linazunguka mara 33 tu kwa dakika. Tairi hilo hilo kwenye gari la injini linalokwenda kilomita 80 kwa saa linazunguka zaidi ya mara 600. Kwa kazi ya ng'ombe, beringi hiyo ingekuzeekea mkononi.

Kwa hiyo kuna kitu chengine kinachoiua. Chukua moja iliyokufa, ing'oe mpira wa ubavuni, ioshe kwa mafuta ya taa, kisha itazame ndani kwenye njia inayopita gololi. Ukikuta vishimo vyekundu vilivyopangana kwa nafasi sawa na gololi, maji yalilala humo usiku gari limesimama. Ukikuta chuma kimebanduka magamba sehemu moja, hapo ndipo useme mzigo. Njia ikiwa imelika upande mmoja tu, habu imechomelewa mshazari. Na vikiwa vidoa vidogo vilivyoungua, muulize aliyekuchomelea bodi alibana wapi waya wa ardhi wa mashine yake. Umeme wa kuchomelea ukipita ndani ya beringi unaunguza njia ya gololi, na joto linayeyusha grisi na mpira. Beringi zivuliwe kabla ya kuchomelea chochote karibu na habu. Hili nimelisema hapa si mara moja, na bado magari yanaletwa kwangu yamefungwa kila kitu, ndipo mtu anaomba "pachapacha kidogo tu pale".

Yako naamini utakuta vishimo vyekundu. Gari la mwani linasimama juani mpaka maji yatoke, habu inapata moto, na hewa iliyomo ndani inatanuka. Ukiliingiza majini, chuma kinapoa ghafla, hewa inasinyaa na kuvuta maji ya chumvi kupitia ubavuni. Ule mpira wa beringi zilizoandikwa 2RS ni wa kuzuia vumbi na maji ya mvua, haukuundwa kuzama. Wenye trela za kushushia boti wanaijua shida hii vizuri.

Pesa ulizotaka kumpa mkerezaji wa habu mpya, zitumie hivi. Upande wa ndani wa habu tia sili (pete ya mpira ya kuzuia maji) ya midomo miwili, mdomo mkubwa ukitazama nje kwenye maji. Pale mdomo unapogusa ekseli pawe pamekerezwa na kusuguliwa kwa msasa laini, kwa sababu tone moja la kuchomelea likibaki pale litaikata sili siku ya kwanza. Upande wa nje funga kofia ya chuma yenye mpira. Baina ya beringi mbili toboa tundu, utie nipo ya grisi. Beringi zenye mpira pande zote mbili uzivue mpira wa upande wa ndani, ili grisi ya kwenye habu izifikie. Ukipiga grisi kwa bomba, ya zamani itoke kupitia mdomo wa sili ikiwa imebeba uchafu wake.

Grisi yenyewe iwe ya kalsiamu, au walau ya lithiamu. Ya sodiamu maji yanaiyeyusha, ingawa kwa macho huwezi kuitofautisha na nyengine. Soma mkebe, na usichanganye aina mbili. Beringi zishindiliwe grisi mpaka ipenye baina ya gololi. Habu ya gari linalotembea nchi kavu tu ingetosha kujazwa theluthi hadi nusu, lakini yako ijaze yote, kusiwe na hewa ya kuvuta maji. Kwa mwendo wa ng'ombe haitapata moto. Ukirudi kutoka pwani, mwagia habu maji ya bomba yasiyo na chumvi, kisha piga grisi jioni ile ile, usingoje asubuhi.

Na ukipata kwa wauza vyuma chakavu habu ya mbele ya pikapu kuukuu, yenye beringi mbili za roli za koni zinazotazamana, ichukue mbio. Gurudumu moja likiingia shimoni gari zima linasukuma kwa ubavu, na gololi hazipendi kusukumwa ubavu. Roli za koni zimeundwa kwa hilo. Kuzirekebisha ni rahisi: kaza nati huku unazungusha gurudumu mpaka liwe zito, kisha legeza baina ya sudusi na robo ya mzunguko, tia pini. Shika tairi juu na chini ulitikise. Lisicheze, na lizunguke kwa wepesi.

Shikamoo fundi. Nina gari la punda la kubebea makonyo na karafuu mbichi kutoka shamba mpaka barabarani, huku Micheweni. Ekseli inazunguka kwenye vipande vya mti alivyovitia marehemu mume wangu. Mwanangu anasema huo ni ushamba, anataka beringi. Mimi naona zinafanya kazi. Nani mkweli? (Mama wa Micheweni)

Marahaba, bibi. Marehemu alijua anachokifanya. Bushi ya mti iliyolowa oili haipati kutu, haiogopi mchanga kama gololi zinavyouogopa, na ikilika unachonga nyengine hapo hapo nyumbani.

Mwanao naye ana haki nusu. Tuseme gari na mzigo ni kilo 300, ekseli ina unene wa sentimita 4 na gurudumu lina kipenyo cha sentimita 60. Kwa makadirio, bushi ya mti yenye oili inamla punda nguvu ya kilo 3 katika kuvuta. Beringi haimli hata gramu 100. Lakini ardhi nayo inadai yake. Kwenye lami, tairi lililojaa upepo linadai kama kilo 6. Kwenye njia ya mchanga ni 30 na zaidi. Basi kwenye lami beringi zitampunguzia punda kutoka 9 hadi 6, hiyo ni theluthi nzima na yeye ataihisi. Kwenye mchanga zitampunguzia kutoka 33 hadi 30. Njia yako ikiwa nyingi ni ya shamba, mwambie kijana fedha hizo anunue matairi mapana zaidi, na apunguze pakacha moja.

Bushi zikilika, zibadilishwe hivi. Mti mgumu, mkavu kabisa, usio na mafundo. Urefu wa bushi uwe mara mbili ya unene wa ekseli, na unene wa ukuta wake usipungue unene wa ekseli. Toboa tundu dogo kwanza. Kipande kizamishwe ndani ya oili kwenye bati, kipashwe moto mdogo. Utaona mapovu, ni maji na hewa vinatoka kwenye mti. Yakiisha, ondoa moto na *kiache ndani ya oili mpaka ipoe kabisa*, maana kupoa ndiko kunakovuta oili iingie kwenye nyuzi. Akikitoa kingali cha moto amefanya kazi bure. Baadaye ndipo atoboe tundu la kipimo, akiacha nafasi ndogo kwa sababu mti huvimba. Ekseli isuguliwe iwe laini. Yote haya yafanyike nje, mbali na makuti, na ndoo ya mchanga iwe karibu: mti mbichi kwenye oili ya moto hufurisha povu mpaka likamwagikia jikoni.

Fundi, mimi ni mwanafunzi wa skuli hapa Mkoani. Babu anasema nati ya gurudumu la kushoto ilikuwa inafungwa kinyume. Ni kweli? Na beringi zilibuniwa kwa ajili ya magari ya injini?

Babu yako ni mkweli. Kwenye magari ya farasi ya zamani, gurudumu lilikuwa likisugua nati kila linapozunguka. Upande wa kulia msuguano ule unakaza. Upande wa kushoto, kwa nati ya kawaida, unafungua. Basi nati ya kushoto ilikatwa reze za kinyume. Uingereza, ekseli za Collinge zilikuwa na nati mbili kwenye gurudumu moja, moja ya kulia na moja ya kushoto, na chemba ya oili ndani ya habu.

Kuhusu beringi, farasi walitangulia. Mwaka 1794 Philip Vaughan, mtu wa viwanda vya chuma wa Carmarthen huko Wales, alipata hataza (haki ya kumiliki ubunifu) ya kutia gololi kwenye ekseli za magari ya kukokotwa. Shida ilibaki kupata gololi za duara lililo sawa, na kwa wingi. Mashine ya kuzisaga ilitengenezwa na Friedrich Fischer mjini Schweinfurt, Ujerumani, mwaka 1883, mwaka ule ule Seyyid Barghash alipojenga Beit al-Ajaib. Na zile roli za koni nilizomsifia mwenzako wa Jambiani ni za Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi wa St. Louis, Marekani. Yeye na mpwa wake Reginald Heinzelman walipata hataza mwaka 1898. Alichotaka kutibu ni gurudumu linalosukumwa ubavu gari likikata kona.

Fundi, oili chafu ya injini inafaa badala ya grisi? (Wa Mwera)

Kwenye bushi za mti inafaa kwa shida: ichuje kwanza kwa kitambaa kizito, maana imebeba masizi na chembe za chuma, na usiishike kwa mkono mtupu kila siku, inadhuru ngozi. Kwenye beringi, hapana. Itavuja yote, na nafasi yake itaingia maji. Mkebe wa kilo moja wa grisi ni rahisi kuliko seti moja ya beringi, na ukiupeleka dukani mtupu, mkebe wenyewe, muuzaji hatakupa aina nyengine kwa makosa.