Kwotabeki mfupi na watu watatu wanaosimama mbele yake

Mleta mada ameuliza kama timu ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, yenye chaguo la juu katika drafti (zoezi la kila mwaka ambalo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu), inafanya busara kulitumia kwa kwotabeki, yaani mtupa pasi anayeongoza ushambuliaji, mwenye kimo cha sentimita 178. Wachangiaji waliotangulia wamegawanyika: wapo wanaowataja Drew Brees na Russell Wilson, makwotabeki wafupi waliotwaa ubingwa, kuthibitisha kwamba kimo si hoja, na wapo wanaomtaja Bryce Young, aliyechaguliwa wa kwanza na Carolina Panthers mwaka 2023 akaanza vibaya, kuthibitisha kwamba kimo ndiyo hoja yenyewe. Nimesoma michango yote tangu jana, na naona pande zote mbili zinamjadili mchezaji kana kwamba anacheza peke yake, ilhali sehemu kubwa ya jibu iko kwa watu watatu wanaosimama mbele yake, yaani senta, anayeanzisha mpira, na magadi wawili wanaosimama kushoto na kulia kwake kuwazuia wapinzani.

Nieleze kwanza ninakoyatoa maneno haya. Nilizaliwa Tanga na kukulia kwenye soka, na nilipohamia Texas sikujua hata pointi za futiboli ya Marekani zinahesabiwaje. Mwanangu alipoanza kuicheza nilikuwa nikimsubiri kando ya uwanja, baadaye nikaombwa kusaidia kubeba vifaa, na sasa huu ni msimu wa tisa nikimsaidia kocha wa vijana wa miaka 13 na 14 katika kitongoji kimoja nje ya Houston. Ligi kuu naifuatilia kama mtazamaji tu. Uwanjani, hata hivyo, nimesimama nyuma ya makwotabeki wafupi kwa saa nyingi sana, na jambo moja nililoliona huko ndilo lililonibadilisha mawazo.

Misimu mitatu iliyopita tulikuwa na kijana mfupi kuliko wenzake wote wa kikosi cha ushambuliaji, mwenye mkono mzuri na uelewa wa mchezo uliozidi umri wake. Katika mchezo wa pili wa msimu pasi zake nne zilipigwa mikono na wapinzani pale pale mstarini, timu mbili zinapokabiliana, na kocha mkuu akaanza kufikiria kumhamishia nafasi ya mpokeaji, mdakaji wa pasi. Jumanne iliyofuata niliomba ruhusa ya kufanya jaribio dogo. Nilipiga goti nyuma ya mstari, nikashika simu usawa wa macho ya yule kijana, nikarekodi mazoezi kwa takriban nusu saa.

Sikuuona uwanja. Niliona migongo, jezi zilizolowa jasho, na kati ya migongo hiyo mianya miwili, kama mtu anayechungulia kati ya mbao za uzio. Mwanya ukifunguka unamwona mpokeaji kuanzia kiunoni hadi kichwani kwa muda wa kufumba na kufumbua, na papo hapo unatakiwa uwe umeshaanza kuutupa mpira. Gadi mmoja akisukumwa nyuma hatua mbili tu, mwanya unafungwa, mikono ya mpinzani inakuwa karibu na uso wako, na huna la kufanya isipokuwa kukimbilia pembeni. Tulipoitazama video hiyo jioni, tukalinganisha na picha za mchezo uliopita, tuligundua kwamba pasi tatu kati ya zile nne zilipita upande wa gadi wetu wa kulia, kijana mgeni aliyekuwa bado anajifunza kusimama. Tulimtoa kijana mzito zaidi pembeni tukamleta katikati, tukamrudisha kwotabeki nyuma hatua moja kila mpira ulipoanzishwa. Pasi za kupigwa mikono hazikuisha, ila zilipungua kiasi kwamba hakuna aliyezungumzia tena kumbadilishia nafasi.

Baada ya hapo nilianza kuitazama NFL kwa jicho jingine. Wazuiaji wa mstari katika ligi ile wengi wana kimo cha sentimita 193 hadi 198, kwa hiyo hata kwotabeki wa sentimita 193, ambaye kila mtu anamwita mrefu, haoni juu ya vichwa vyao kama mtu aliyepanda ghorofani. Naye anachungulia mianyani. Tofauti ni kwamba mrefu ana msamaha: mwanya ukiwa mwembamba bado anapata pembe ya kuupitisha mpira juu ya mabega, wakati mfupi anahitaji mwanya ulio wazi kwelikweli au nafasi ya kusogea mpaka aupate. Msamaha huo una thamani na sitaki kuudharau. Lakini ni kitu ambacho timu inaweza kukilipia kwa njia nyingine, na New Orleans Saints walikilipia.

Brees alichaguliwa na San Diego Chargers mwaka 2001, wa 32, mwanzoni kabisa mwa raundi ya pili, na wengi walisema wakati ule kwamba sentimita zake 183 ndizo zilizomtoa raundi ya kwanza. Alipofika New Orleans mwaka 2006, desturi ya ligi ilikuwa kumwaga fedha kwa mzuiaji wa pembeni kushoto, anayelinda mgongo wa kwotabeki anayetumia mkono wa kulia. Saints waliweka nguvu zao katikati. Jahri Evans walimpata raundi ya nne mwaka huo huo wa 2006, Carl Nicks raundi ya tano mwaka 2008, na wote wawili wakawa miongoni mwa magadi bora wa ligi. Nicks alipoondoka mwaka 2012 hawakusubiri: walimsajili Ben Grubbs azibe pengo. Maana yake ni kwamba mbele ya Brees ukuta ulikuwa haurudi nyuma, hivyo alikuwa na nafasi ya kupiga hatua mbele, kutafuta mwanya na kuutupa mpira kwa mkono ulioinuliwa juu. Februari 2010 waliwafunga Indianapolis Colts 31 kwa 17 katika Super Bowl, fainali ya NFL, yeye akawa mchezaji bora wa mchezo huo, na alistaafu akiwa na yadi 80,358 za pasi. Anayemtaja Brees bila kuwataja Evans na Nicks ameisimulia nusu ya habari.

Wilson ni habari nyingine kabisa, na ndiyo maana huwa sipendi majina haya mawili yawekwe kapu moja. Seattle Seahawks hawakumjengea ukuta wa namna ile. Walimpa mchezo unaomtoa katikati: anakimbilia pembeni, anaona uwanja mzima bila migongo mbele yake, kisha anatupa pasi ndefu, huku Marshawn Lynch akibeba mzigo wa kukimbia na mpira. Na yeye mwenyewe alikuwa na mwili wa kuhimili: alicheza misimu tisa ya mwanzo bila kukosa mchezo hata mmoja, mpaka alipoumia kidole mwaka 2021. Zaidi ya hayo, angalia bei. Alichaguliwa wa 75 katika drafti ya 2012, baada ya Brock Osweiler, mwenye sentimita 201, kuchukuliwa na Denver Broncos wa 57. Mkataba wa chaguo la raundi ya tatu ni mdogo, kwa hiyo Seattle walikuwa na fedha za kulipa ulinzi uliowamaliza hao hao Broncos 43 kwa 8 katika Super Bowl ya Februari 2014.

Kuhusu wachangiaji waliosema kwamba kimo ndicho kila kitu, sina haja ya kurefusha. JaMarcus Russell alikuwa na karibu sentimita 198 alipochaguliwa wa kwanza mwaka 2007, Ryan Leaf alikuwa na karibu 196 alipochaguliwa wa pili mwaka 1998, na wote wawili hawakudumu. Kinachoniuma zaidi ni habari ya Doug Flutie. Alishinda tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 1984, lakini sentimita zake 178 zilitiliwa shaka, na drafti iliyofuata ikamwacha hadi raundi ya 11, chaguo la 285, akiwa amekwisha kusaini na ligi nyingine, USFL. Alipokwenda Kanada, ambako uwanja una upana wa yadi 65 badala ya zile 53 za Marekani, na kwotabeki ana nafasi kubwa ya kusogea, alichaguliwa mchezaji bora wa ligi mara sita na kutwaa Kombe la Grey, ubingwa wa ligi hiyo, mara tatu. Aliporudi NFL na Buffalo Bills mwaka 1998 alikuwa na miaka 35, akaifikisha timu hatua ya mtoano. Mtu huyo huyo, mkono ule ule. Miaka yake bora ilikwisha nje ya ligi iliyompima kwa futi kabla ya kumpima kwa mpira.

Sasa niwageukie wenzangu ninaokubaliana nao kwa sehemu. Brees ana sentimita 183, Young na Kyler Murray, kwotabeki mwingine mfupi, wana takriban 178, na sentimita tano si kitu kidogo pale mstarini. Vilevile lazima tukumbuke kwamba kwotabeki mfupi anayefika mpaka drafti ya NFL amekwisha kuchujwa shuleni, kisha chuoni, na makocha wasiompa nafasi ya kukosea. Tunaowaona ni wachache waliobaki. Kwa hiyo kuhesabu waliofanikiwa na kusema wafupi wanafaa kama warefu si haki kwa hesabu yenyewe. Uzito nao ninautazama kuliko wengi hapa: Young alipimwa kilo 92 hivi kabla ya drafti, na swali langu kwa kijana wa namna hiyo huwa ni kama mwili wake utahimili vishindo mpaka Desemba, msimu unapokaribia kwisha.

Tukija kwa Young mwenyewe, nadhani lawama nyingi zimemwangukia asiyestahili. Mwaka 2023 Carolina Panthers waliwapa Chicago Bears mpokeaji wao bora DJ Moore, chaguo la tisa, chaguo la 61, chaguo la raundi ya kwanza la 2024 na la raundi ya pili la 2025, ili wapate chaguo la kwanza. Waliuza jicho la kijana, yaani mpokeaji wa kumtegemea, kabla hajafika. Kisha magadi waliotarajiwa wakaumia, nafasi zao zikajazwa na watu waliobadilika karibu kila wiki, na Young akaangushwa na mpira mkononi mara 62 katika msimu ulioisha kwa ushindi wa michezo 2 na vipigo 15. Nilitazama michezo kadhaa ya msimu ule, na mara nyingi niliona ile ile picha ya simu yangu: gadi anarudishwa nyuma, mwanya unafungwa, kijana anakimbia kurudi nyuma.

Machi 2024 Panthers walimsajili gadi Robert Hunt kwa mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya dola milioni 100, na gadi mwingine, Damien Lewis, kwa miaka minne. Klabu yenyewe, kwa usajili huo, ilikuwa imejibu swali la mleta mada. Mwanzo wa 2024 Young aliwekwa benchi baada ya michezo miwili, lakini aliporudishwa mwezi Oktoba alionekana mtulivu zaidi, akipiga hatua mbele badala ya kukimbia nyuma. Fedha za magadi zilitumika mwaka mmoja baada ya chaguo, wakati zilitakiwa zitumike kabla.

Hivyo, kwa mleta mada: timu ingekuwa yangu, yenye chaguo la kwanza na magadi wawili wa kuaminika waliokwisha kusaini, ningemchukua kijana wa sentimita 178 bila kusita kama pasi zake za katikati, za yadi 10 hadi 20, zinafika kwa wakati huku akiwa amezungukwa. Hizo ndizo ningekesha kuzitazama kwenye video, kwa sababu pasi za pembeni zinaficha mengi. Kama magadi sina, na kulipata chaguo hilo kunanilazimu kumtoa mpokeaji wangu bora, ningebaki na mpokeaji, nikanunua magadi kwanza, na kumtafuta kwotabeki drafti inayofuata.