Sikukosa nauli, mdogo wangu

Mdogo wangu, sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Umeuliza mambo mawili kwa pumzi moja: kwa nini sikuja kumzika Babu, na lini nitakutafutia kazi huku Uingereza. Tena umesema Isevya nzima inajua dada yenu amenogewa na pauni mpaka amesahau kwao. Neno hilo limenichoma.

Nauli nilikuwa nayo. Nilichokosa ni karatasi. Viza ilikuwa inaelekea kwisha, nikaomba niongezewe, na ombi likiwa halijajibiwa ukitoka nje ya nchi inahesabika umelifuta mwenyewe. Ningekuja Tabora, kazini nisingerudi, na ada za wadogo zetu mnajua zinatoka wapi. Babu alifariki alfajiri, alasiri mkamzika. Hata ningekuwa na karatasi nisingewahi. Lakini arobaini ya Jumamosi ijayo ningewahi, na hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Siku ile niliingia zamu saa moja asubuhi. Nahudumia wazee, na mmoja wao aliwahi kuwa askari. Nilimwosha miguu, nikamkausha katikati ya vidole, nikamvalisha soksi, nikamfunga kamba za viatu. Kisigino chake kilikuwa cha baridi kiganjani mwangu. Nikajiuliza, Babu ameoshwa na nani? Niliingia stoo ya mashuka nikalia, kisha nikaenda kwa mzee wa chumba cha pili.

Wewe ulikuwa mdogo, hadithi zake hukuzipata vizuri. Amin alipoivamia Kagera Oktoba 1978, Babu alikuwa koplo. Waliingia Uganda kupitia Mutukula wakaenda kwa miguu mpaka Kampala, ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Habari za mizinga hakupenda kuzisimulia. Alisimulia miguu: soksi zilizoozea ndani ya buti, na rafiki yake aliyebakiwa na jozi moja kavu, wakagawana, huyu wa kulia, huyu wa kushoto. Rafiki huyo amelala Kaboya, kule Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa. Ndiyo maana vile viatu vyeusi Babu alivipiga kiwi kila Ijumaa na hakuvivaa hata siku ya Idi. Vilikuwa vya kwenda Kaboya. "Bibi yangu," alikuwa akiniambia, "ukirudi utanipeleka." Nikipata karatasi, Babu. Miaka minne nimemjibu hivyo hivyo kwenye simu.

Sasa hilo la kuja. Usije. Mlango wa wahudumu wa wazee kutoka nje ulifungwa Julai 2025, kwa hiyo wakala anayekudai milioni nane ni mwizi, usimpe hata mia. Hata kabla ya hapo, tangu Machi 2024, mhudumu mpya hakuruhusiwa kuja na mtoto wake. Mwajiri akikuacha unapewa siku 60 umpate mwingine au ufungashe. Ndiyo maana sisi huku hatujibu bosi, na simu zenu tunazipokea kwa kunong'ona.

Lakini pasipoti tengeneza. Uuguzi wako umalize, Kiingereza kisome kwa bidii, maana muuguzi bado ana njia ya halali. Siwezi kukwambia ukae Tabora wakati mimi mwenyewe niliondoka. Ukipata, njoo, utalala kitandani kwangu, mimi nitalala chini. Ila kabla hujaondoka, keti na Bibi umuulize anataka kufika wapi, umpeleke. Usimwambie "nikirudi".

Nguo za Babu zigaweni siku ya arobaini. Koti la kaki mpeni fundi baiskeli aliyekuwa akimwekea kiti kibarazani kwake. Viatu vyeusi asipewe mtu. Viacheni pale pale chini ya kitanda, vidole vikielekea mlangoni kama alivyokuwa akivipanga, na Ijumaa uvipige kiwi.