Wasomaji Wanauliza: Ngome ya Edinburgh, nikodi kile kifaa cha kusikiliza au macho yanatosha?

SWALI: Shikamoo dada. Mwezi wa sita mimi na mama yangu tunaenda Edinburgh, Uskoti, mdogo wangu anamaliza chuo huko na ametuita kwenye mahafali. Tutakuwa na siku moja tu ya kutembea na mama keshasema anachotaka ni kuiona ile ngome ya juu ya mwamba, basi. Sasa nasikia pale unaweza kukodi kifaa, unavaa hedifoni, ukifika sehemu unabonyeza namba unasikiliza maelezo, unajitembeza mwenyewe. Mdogo wangu anasema ni kupoteza hela, kila kitu kipo kwenye simu. Mimi naogopa bila maelezo tutakuwa tunaangalia mawe tu. Halafu mama Kiingereza cha taratibu anakisikia ila wakienda kasi kinampita, na magoti yanamsumbua, na kile ni kilima. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hongera kwa mhitimu na hongera zaidi kwa mama.

Kodi. Ila kodi kimoja, chako wewe, mama usimvalishe, na sababu nitakwambia.

Mimi mara ya kwanza kuingia pale nilivaa hedifoni nikabonyeza namba ya kwanza, ya pili, ya tatu, macho yote kwenye vibonyezo na kwenye vibao vya namba, yaani nikawa naikimbiza namba inayofuata kama nadaiwa, saa mbili nzima hivyo hivyo. Jioni mwenyeji wangu ananiuliza nimeona nini, miaka naitaja yote, akaniuliza ule mwamba wenyewe una rangi gani nikanyamaza. Iliniuma kwa kweli. Nikarudi siku nyingine na nikabadilisha utaratibu: nikifika mahali natazama kwanza, nagusa ukuta kama unagusika, najiuliza mwenyewe hapa walikuwa wanafanya nini na kwa nini pamejengwa hivi, halafu ndiyo nabonyeza. Sauti ikianza inakuta kichwani tayari kuna swali linasubiri, na kilichojibu swali lako hutakisahau.

Anzia nje kabisa, kwenye ule uwanja mpana mbele ya lango, na hapo usibonyeze chochote. Tazama mwamba. Ni mweusi, umechongoka, na ngome imekaa juu yake mpaka huoni vizuri jiwe la asili linaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Ule ni moyo wa volkano iliyozimika miaka kama milioni 350 iliyopita, lava iligandia kwenye koo la volkano ikawa ngumu kuliko kila kilichoizunguka, baadaye sana barafu ikaja kutoka magharibi ikakwangua ardhi laini pande tatu, ila upande wa mashariki, nyuma ya mwamba, udongo na mawe yalikingwa yakabaki yakateremka taratibu kama mkia. Geuka nyuma sasa. Huo mtaa mrefu mliopandia, Royal Mile, umejengwa juu ya huo mkia. Kwa hiyo pande tatu ni magenge, adui wa kawaida ana njia moja tu, hiyo mliyokuja nayo. Ukishaelewa hilo ngome yote inafunguka, kwa nini lango liko hapa, kwa nini mizinga imeelekea huko, hakuna namba ya kubonyeza itakayokusaidia kama hilo hujaliona.

Nimesema adui wa kawaida kwa sababu mwaka 1314 walikuja wasio wa kawaida. Waingereza walikuwa wameishika ngome, Thomas Randolph, kamanda wa Waskoti, akapandisha watu wapatao 30 usiku kwenye genge la kaskazini, na inasimuliwa kwamba aliyewaonyesha njia alikuwa mtu anaitwa William Francis aliyewahi kuishi humo ngomeni na kujifunza kushuka lile genge gizani akienda kumuona mpenzi wake mjini. Hiyo mama ataipenda. Baada ya kuiteka, mfalme Robert Bruce akaagiza majengo yabomolewe ili Waingereza wasije wakayatumia tena, kanisa dogo la Mtakatifu Margaret likaachwa.

Sasa magoti. Ukishapita lango la pili kuna ngazi ndefu kushoto, Lang Stairs, kama vidato 70, vya mawe, hizo achaneni nazo. Njia nyingine inazunguka bila ngazi lakini ni ya mawe ya mviringo na ina mwinuko, ikilowa inateleza, viatu vya soli ngumu aviache hotelini. Kuna gari dogo la kuwapandisha wageni wenye shida ya kutembea mpaka juu, halina malipo, ukifika tu getini muulize mhudumu, usione aibu na usisubiri mama achoke kwanza ndiyo uulize. Akishafika juu mnatembea mkiteremka. Na namba za kile kifaa si lazima uzifuate moja mbili tatu, bonyeza ya mahali uliposimama.

Halafu hili la Kiingereza, na hapa ndipo ninapokuambia kimoja kinatosha. Wewe sikiliza, simamisha, vua sikio moja, mwambie mama kwa Kiswahili kwa maneno yako. Utajikuta unachagua. Kifaa kinasema mambo kumi, wewe utamwambia mawili, yale unayojua mama yako atayajali, na kwa sababu umeyasema kwa mdomo wako na wewe yatakukaa. Wakivaa watu wawili kila mmoja anapotelea kwenye masikio yake, nimewaona wanandoa pale wanatembea saa nzima hawajasemeshana.

Nikupe mfano. Ingieni kwenye hilo kanisa dogo, ndilo jengo la zamani kuliko yote pale, lilijengwa karibu na mwaka 1130 na mfalme David wa Kwanza kwa kumbukumbu ya mama yake, malkia Margaret, aliyefariki mwaka 1093. Ni dogo kweli, harusi zinafungwa humo mpaka leo lakini wageni wachache mno wanaenea. Kabla ya kubonyeza tazameni tao lililotenganisha madhabahu na walipokaa watu, limechongwa mistari inayopanda na kushuka kama meno ya msumeno, mkono wa fundi unauona kabisa kwamba jino hili na lile hayalingani. Karne nyingi baadaye likasahaulika kuwa ni kanisa, likawa stoo ya baruti, likaja kutambuliwa tena mwaka 1845. Na maua utakayoyakuta humo huwekwa kwa zamu na wanawake wenye jina Margaret. Sasa wewe simama hapo umwambie mama yako, kwa sauti ya chini, kwamba mtoto alimjengea mama yake. Hiyo ya kwenye hedifoni isubiri.

Nje tu ya kanisa kuna Mons Meg, mzinga mkubwa mno, ulitengenezwa mwaka 1449 na kuletwa mwaka 1457 kama zawadi kwa mfalme James wa Pili, ulikuwa unarusha tufe la jiwe lenye uzito wa kilo kama 150. Hapo watu wanapiga selfi wanaondoka. Wewe zunguka upande wa nyuma utaona pete za chuma zimepasuka, pana jeraha kubwa. Mwaka 1681 waliufyatua kwa heshima ya siku ya kuzaliwa ya mdogo wake mfalme, ukapasuka, haukupigwa tena. Jeraha bado liko wazi, ukilitazama kwa karibu utaona jinsi walivyounga vyuma virefu pembeni wakavibana kwa pete kama pipa.

Kwa mama kupumzika kaeni kwenye Ukumbi Mkuu, ulimalizika karibu mwaka 1511 wakati wa James wa Nne, mwambie atazame juu, dari ya mbao ile. Na wewe tafuta juu ya meko, pembeni, kuna kidirisha kidogo chenye nondo. Wanakiita sikio la bwana, mfalme akiwa chumba cha pili aliweza kusikia wanaongea nini ukumbini. Husimuliwa kwamba mwaka 1984 Gorbachev, kiongozi kutoka Urusi ya Kisovieti, alipokuwa anakuja, walinzi wake waliomba kile kidirisha kizibwe.

Chumba cha taji kina foleni, hasa katikati ya mchana, kwa hiyo mkipandishwa asubuhi anzeni nacho. Humo mna ukimya na mwanga hafifu, taji, fimbo na upanga wa kifalme, vilifungiwa ndani ya sanduku mwaka 1707 Uskoti ilipoungana na Uingereza na vikakaa humo hadi mwaka 1818, sanduku likafunguliwa vikakutwa vimelala kama vilivyoachwa. Jirani yake kuna kachumba, kachumba kweli, ambamo malkia Mary alimzaa James tarehe 19 Juni 1566, huyo ndiye aliyekuja kuwa mfalme wa Uskoti na Uingereza kwa pamoja. Mama yako ni mzazi, akisimama humo hahitaji maelezo, atashangaa mwenyewe jinsi palivyo padogo.

Usiruke kisima. Kiko sehemu ya juu, kina kina cha mita 28 kwenye mwamba mtupu na bado maji yake yalikuwa machache. Mwaka 1573 ngome ilipozingirwa, mizinga ya Waingereza ikauangusha mnara mkubwa uliokuwa mbele, kifusi kikaziba kisima, na walinzi ambao magenge yote yale yaliwalinda wakasalimu amri kwa kiu. Ule ukuta wa mizinga uliojipinda kama mwezi, Half Moon Battery, umejengwa juu ya mabaki ya huo mnara.

Kuhusu simu ya mdogo wako, ndiyo habari zipo, lakini pale juu upepo ni mkali na utakuwa umeinama kwenye skrini tena, chaji inaisha, na simu hiyo hiyo unataka kumpigia mama picha. Kama bajeti imebana kweli basi someni jioni ya kuamkia siku hiyo, halafu mwende mikono mitupu, nayo ni njia nzuri. Ila tafadhali msiweke loudspika, ndani ya lile kanisa sauti ya simu moja inamharibia kila mtu.

SWALI: Dada habari. Nimesoma kwenye kitabu cha zamani cha utalii kwamba Jiwe la Ufalme walilokuwa wanakalia wafalme wa Uskoti wakitawazwa lipo Edinburgh ngomeni. Mume wangu anasema halipo. Nani mkweli?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Kitabu kilikuwa sahihi wakati wake, mumeo ni sahihi leo. Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alilichukua mwaka 1296 akalipeleka Westminster, London, lilirudishwa Uskoti mwaka 1996 likawekwa kwenye chumba cha taji, na mwaka 2024 likahamishiwa jumba la makumbusho la Perth. Mkilitaka pandeni treni mwende Perth.

SWALI: Tunaenda na mtoto wa miaka minne. Nasikia kuna mzinga unapigwa kweli mchana. Atashtuka? Na je, avae na yeye hedifoni?

JIBU: Atashtuka asipoambiwa, akiambiwa atakuwa anausubiri tangu asubuhi. Unapigwa saa saba kamili mchana, tangu mwaka 1861, ulianzishwa ili meli zilizoko kwenye ghuba zirekebishe saa zao, maana alama ya kuonekana kwa macho ilikuwa haisaidii siku ya ukungu. Jumapili haupigwi, wala Ijumaa Kuu wala Krismasi, kwa hiyo angalieni siku kabla hamjamuahidi mtoto kitu ambacho hakitatokea. Mfike dakika 20 kabla ili asibanwe nyuma ya watu wazima, simameni mbali kidogo siyo pembeni ya mzinga wenyewe, akae mabegani kwa baba.

Hedifoni hapana, ni nzito kwake na maelezo ni marefu. Mpe kazi ya kuhesabu mizinga. Halafu mpelekeni karibu na kanisa dogo, hapo ukichungulia chini ya ukuta utaona kibustani kidogo chenye mawe ya makaburi, ni makaburi ya mbwa wa wanajeshi, wamezikwa hapo tangu enzi za malkia Victoria. Hamtashuka kuingia, mnatazama kwa juu tu, na mnyanyue maana ukuta ni mrefu kuliko yeye. Atawauliza majina yao. Mengine yanasomeka.